Kabla hujaweka US-International, muone kwanza NGÓMBE wangu

Mkuu, toa mkono kwenye kipanya. Umeuliza utaandikaje é na ç kwenye barua za wateja wako wa Bujumbura, kwenye kompyuta, ukaongeza kwamba fundi kakwambia uweke kibodi ya US-International (mpangilio wa vitufe ndani ya Windows) "halafu basi". Hiyo "halafu basi" ndiyo iliyonila mimi.

Nina steshenari hapa Mwanza, Buzuruga. Na mimi nilipata mteja wa Kifaransa, na mimi nikapata fundi. Akaiweka, akabonyeza ritifaa (kile kialama '), akabonyeza e, ikatoka é. Nikampa elfu kumi na soda juu. Hakusema kwamba kwenye kibodi hiyo ritifaa haionekani mpaka ubonyeze herufi inayofuata, na ikifuata irabu inaipanda kichwani. Sasa wewe Mswahili, ritifaa yako inakaa wapi kama si kwenye ng'?

Usinione mzembe, nilijaribu. Niliandika Nyang'hwale, ikatoka safi. Kumbe ni kwa sababu inafuata h, na h haipandwi kichwani. Wiki iliyofuata ikaja kazi ya vitabu 40 vya risiti za mnada wa ng'ombe. Mimi nikichapa, macho yangu huwa kwenye karatasi ya mteja, si kwenye skrini. Vikarudi vimeshonwa, vina namba, vina kopi za rangi ya waridi: MNADA WA NGÓMBE. Kila ukurasa. Mzee aliyeagiza akavaa miwani, akaikwangua ile alama kwa ukucha akidhani ni kinyesi cha inzi. Ilipogoma kutoka akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mnyama gani?"

Nikachapisha upya kwa hela yangu, laki tatu na nusu. Wanangu wanafanyia hesabu nyuma ya zile karatasi mpaka leo. Na kurekebisha kwenyewe! Nikafungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha, juu nikaandika neno bovu, chini neno sahihi, kwa kibodi ileile. Kompyuta ikajibu imebadilisha yote. Imebadilisha ngómbe kuwa ngómbe. Cheti changu cha kompyuta siku hiyo nilikigeuza kikatazama ukuta.

Kibodi unayoandikia Kiswahili haiguswi, mkuu. Herufi ngeni ziingie kwa namba: washa Num Lock, shikilia Alt, piga 0233 kwenye namba za pembeni kulia (za juu ya herufi hazikubali), achia, utapata é. 0232 ni è, 0231 ni ç. Kama laptop yako haina namba za pembeni, ndani ya Word bonyeza Ctrl na ritifaa, achia, kisha e. Ç ni Ctrl na koma, kisha c. Mimi nimeziandika kwenye kipande cha boksi, nimekibandika kwa selotepu chini ya skrini.

Na huyo fundi akija, mwambie aandike ng'ombe mbele yako kabla hujampa hela. Ikimshinda, soda akanywe kwao.