Mikindani: tazama mwezi kabla ya kufunga safari

SWALI: Wahariri, nataka kuwapeleka wanangu Mikindani likizo hii, waogelee na waone watu wakiokota pweza. Twende lini? Na kuna nini kingine?
Mama wa watatu, Masasi

JIBU: Mama, mambo hayo mawili hayaendi siku moja. Pweza wanataka bamvua, yaani mwezi unapoandama au kupevuka, na siku mbili tatu zinazofuata. Hapo maji hupwa sana. Pwani yetu kupwa huko huwa karibu na saa nne asubuhi, kisha huchelewa kama dakika 50 kila siku. Fikeni mwambani saa nzima kabla. Maji yakianza kurudi tokeni papo hapo, kwa sababu hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, na mtoto hukatiwa njia angali amesimama pakavu. Wavae viatu vya kufunga, si kandambili: miiba mirefu myeusi ya viumbe wa baharini wakaao mwambani hukatikia nyayoni.

Kuogelea, ngojeni wiki moja baada ya bamvua, wakati wa maji mafu, yaani maji yasipopwa wala kujaa sana, ambapo asubuhi bahari imejaa. Wakati wa bamvua sehemu kubwa ya ghuba hubaki tope.

Mji wenyewe unatembeleka kwa miguu: Boma la Wajerumani la 1895, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi. Mpelelezi David Livingstone alipita hapa mwaka 1866. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 10, daladala zipo. Vaeni nguo za heshima, na ombeni ruhusa kabla ya kuwapiga picha wavuvi.