Gari Inakohoa Kwenye Kona: Majibu Yenu ya Saji Tenki

Tangu watu waanze kuona picha za buti lenye tenki dogo la alumini linalong'aa na mipira ya rangi rangi, kila gari inayokohoa siku hizi inaambiwa inataka saji tenki, yaani tenki dogo la kati linalokaa limejaa ili pampu ya injini isivute hewa mafuta yakikimbia kwenye tenki kubwa. Najibu machache, mengine nimeyaacha maana ni yale yale.

Altezza yangu inakohoa kwenye kona ndefu mafuta yakiwa chini ya robo. Nifunge saji tenki? (Arusha)

Weka mafuta.

Nakasirika kidogo maana hili naulizwa kila mara. Wese la elfu kumi likiwa chini kabisa ya tenki, ukikata kona lote linakimbilia upande mmoja, pampu inabaki inavuta hewa. Jaza nusu urudie kona ile ile, ikitulia umeshapona na hela yako ipo mfukoni.

Nina injini ya Toyota 1JZ ya turbo, nguvu za farasi kama 300. Saji tenki ya lita ngapi? Fundi ananiambia tano. (Mbezi)

Fundi anakuuzia bati. Twende na hesabu: injini ya turbo ya farasi 300 ukikanyaga mpaka mwisho inakunywa kama lita 110 kwa saa, yaani mililita 30 kila sekunde, vijiko sita vya chai. Kona ya sekunde nne ni mililita 120 tu. Lita moja na nusu inakutosha na chenji inabaki, hizo tano ni uzito unaoutembeza bure.

Ila swali ambalo hujaniuliza ndo la maana, ritani, ile njia inayorudisha mafuta yasiyotumika na injini, umeipeleka wapi? Pampu kubwa, ile inayotoa saji tenki kwenda kwenye injini, inasukuma labda lita 250 kwa saa, karibu mililita 70 kwa sekunde, injini inachukua 30 na iliyobaki inarudi. Inatakiwa irudi kwenye saji tenki. Ukiirudisha tenki kubwa kama wengi wanavyofanya kwa sababu mpira wa zamani ulikuwa pale pale, basi ile pampu ndogo ya kuvutia mafuta kutoka tenki kubwa inatakiwa ijaze 70 kila sekunde badala ya 30, haiwezi, na saji tenki linaisha taratibu wakati wewe unajiona salama. Kwa hiyo paipu ya kwenda kwenye injini itoke chini kabisa, ya kuvutia na ritani ziingie juu, na ile ya kumwaga ziada itoke kwenye kilele irudi tenki kubwa bila kubanwa popote, maana hapo ndo hewa inapotokea.

Subaru yangu ilikuwa inakata moto tenki likiwa robo, nikafunga saji tenki, sasa inakata hata likiwa nusu! (Nairobi)

Asante kwa hili, hapa nina la kusema.

Tenki la Subaru limekaa kama tandiko la punda, limeinuka katikati kupisha propela na difu, kwa hiyo una mashimo mawili ya mafuta na pampu iko kwenye shimo moja tu. Ya upande wa pili yanahamishwa na kijeti kidogo humo ndani, hakina umeme wala mota, kinaendeshwa na mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Wewe umeikata ritani ukaipeleka saji tenki, na ile ya kumwaga ziada naamini umeiingiza juu juu tu kwenye tenki. Kijeti kimekufa. Geji inasoma nusu lakini nusu yenyewe imelala upande ambao pampu haifiki.

Nililetewa moja ya hivyo hivyo. Kijana amefunga vitu vizuri, klipu zote mpya, tukafungua vifuniko vyote viwili chini ya siti ya nyuma tukamulika na tochi: kushoto mafuta yamejaa yanacheza, kulia pakavu unaiona chujio ya pampu imekaa wazi kama samaki nchi kavu. Tulichofanya ni kuuchukua ule mpira wa ziada na kuuunga kwenye njia ya zamani ya ritani ili kijeti kipate mtiririko. Basi. Na kabla ya hapo gari ilishavunja pistoni moja, ukuta wa kati ya ringi, maana ukikosa mafuta ukiwa na busti, yaani hewa inayopulizwa na turbo, injini hata haikupi muda wa kukohoa.

Naweza kutengeneza la dumu la plastiki nikaliweka nyuma ya siti? (hakuandika anatoka wapi)

Hapana, na tafadhali usimbebe mtu kwenye hiyo gari. Hata la alumini likikaa ndani ya buti lazima kuwe na ukuta wa bati unaoziba kabisa kati ya buti na abiria, ukisikia harufu ya petroli ndani ujue haujaziba. Na mpira wa kawaida wa mafuta usiuzamishe ndani ya tenki, huo umetengenezwa mafuta yapite ndani yake, ukiuloweka nje unavimba na kupasuka. Kuna wa kuzamishwa, ni ghali, nunua.

Nissan Patrol ya injini ya TB48 yenye turbo, nikipanda mchanga kwenye jangwa la Wahiba mafuta yanarudi nyuma inakata. (Muscat)

Wewe unalihitaji kweli. Mlima wa mchanga ni mrefu kuliko kona kwa hiyo chukua lita mbili au tatu. Adui yako mwingine ni joto: mafuta yanayozunguka kati ya saji tenki na injini yanachemka kidogo kidogo, na yakianza kutoa mvuke pampu inapiga kelele. Weka mbali na ekzosi, na usibane ule mpira wa ziada, ndo unaobeba joto kurudi tenki kubwa.

Nimefunga pampu kubwa tayari, bado nahitaji?

Pampu kubwa inavuta hewa haraka zaidi.

Gari inakata nikiwa spidi kubwa barabara imenyooka, tenki limejaa. Saji tenki itasaidia? (Dodoma)

Barabara imenyooka, tenki limejaa, sasa mafuta yamekimbilia wapi? Hilo ni presha ya mafuta. Badilisha filta kwanza, halafu pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe injini ikiwa inawaka, usipime kwenye betri. Inatakiwa 13 na kitu. Ukikuta 11, waya wa kiwandani umechoka, piga waya mnene kutoka betri na rilei na fyuzi yake. Kama bado, funga geji ya presha ya mafuta uangalie ukiwa na mtu pembeni: kama gari ina turbo, ikikaa bila busti bar 3, ukipuliza busti ya bar 1 inatakiwa ipande 4. Ikianza kushuka wakati busti inapanda, ondoa mguu hapo hapo.