Watoto wa marehemu mdogo wangu wanacheza mazishi: niwakataze?

SWALI: Ndugu mshauri, mdogo wangu wa kike alifariki miezi minne iliyopita baada ya kuugua kwa muda mrefu, nami nimewachukua watoto wake wawili, wa kiume mwenye miaka 9 na wa kike mwenye miaka 5. Yule wa kiume hakulia siku ya mazishi wala baadaye. Kila jioni huokota mkaa na kuchora kwenye ukuta wa jiko nyumba isiyo na mlango, kisha huifuta kwa kiganja na kuichora upya. Mdogo wake humfunga mwanasesere wake kwa kipande cha kanga, humwimbia na kumfukia nyuma ya nyumba, na kesho yake humfukua. Mama yetu anasema huo ni uchuro na anataka niwachape, lakini roho yangu inasita. Nifanye nini? – Mama mkubwa, Muleba

JIBU: Pole sana, dada, kwa kufiwa na mdogo wako, na pole kwa kulea wafiwa ilhali wewe mwenyewe ni mfiwa. Usiwachape, na mchezo huo usiukataze. Mtoto wa miaka mitano kwa kawaida hajaelewa bado kwamba aliyekufa harudi, na huyo binti, anapomfukia mwanasesere na kumfukua, huenda anajaribu kwa mikono yake jambo ambalo hana maneno ya kuliuliza. Kaa karibu naye anapocheza, na akikuuliza, mjibu kwa maneno machache ya kweli: mama amekufa, mwili wake haupumui tena, hausikii baridi wala njaa, na hatarudi. Tunaona ukali kulitamka neno “amekufa” mbele ya mtoto, tukasema amelala au amesafiri, na matokeo yake mtoto huogopa kulala, au hukimbilia barabarani kila gari linaposimama. Mnayoyaamini kuhusu roho ya marehemu mwambieni pia, ila ukweli wa mwili utangulie.

Kuhusu mama yenu, naomba umsikilize kwa upole, kwa sababu naye amemzika mwanawe, na mara nyingi anayesema “uchuro” anaogopa kuzika tena. Mweleze kwamba watoto hawaiti msiba mwingine, bali wanauchezea huu uliokwisha kuwafika, kama wanavyocheza kupika kwa sababu wameona watu wakipika. Kisha umpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza, nitakayoieleza hapa chini.

Ile nyumba isiyo na mlango sitakufasiria, kwa kuwa maana yake anayo aliyeichora. Kosa tunalolifanya mara nyingi sisi watu wazima, hata walimu, ni kuugeuza mchoro kuwa mtihani: kwa nini hujaweka mlango, huyu ni nani, mbona umetumia rangi nyeusi? Mwambie tu, “Naona umechora nyumba, ukitaka kunisimulia, nipo,” na akinyamaza endelea kumenya ndizi zako palepale jikoni, wala usiondoke. Mpe kalamu za rangi na karatasi, hata kama ni migongo ya kalenda ya mwaka jana, lakini ukuta usimnyang’anye, kwa maana hujui kule kufuta kunamsaidia nini. Usimsahihishe, wala usiwaonyeshe wageni mchoro wake bila ruhusa yake. Tena kuna jambo moja umwambie hata kama hajauliza: hakuna alichokisema, alichokiwaza wala alichokifanya kilichomuua mama yake. Watoto wengi hubeba kimya kimya hatia ya jambo dogo, kama kukataa kwenda kuchota maji siku mgonjwa alipozidiwa.

Huko kwenu kazi ya namna hii si ngeni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na ugonjwa huo ulipoacha yatima wengi, shirika la Humuliza lilianzishwa mwaka 1997 pale Nshamba, wilayani mwenu, likitambua kwamba yatima anahitaji kufarijiwa moyoni kama anavyohitaji chakula na sare ya shule. Ng’ambo ya mpaka, nchini Uganda, akina mama wa chama cha NACWOLA waliokuwa wakiishi na virusi waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu wakiwa bado hai, wakieleza asili ya ukoo na jinsi kila mtoto alivyozaliwa.

Kitabu cha aina hiyo mdogo wako hakukiacha, lakini ninyi mnaweza kukitengeneza, na hapo ndipo kazi ya bibi ilipo: asimulie utoto wa marehemu, kijana aandike, binti achore. Boksi la viatu litawatosha kuhifadhi picha, mwiko aliousongea ugali, na kanga yake moja ambayo haijafuliwa, kwa sababu harufu ya mama ndiyo ya kwanza kupotea.

Kwa kijana ipo pia njia ya Mti wa Uzima, iliyobuniwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Australia. Mtoto huchora mti: mizizi ni kwao alikotoka, ardhi ni maisha yake ya kila siku, shina ni mambo anayoyaweza, matawi ni matumaini yake, majani ni watu anaowathamini, wawe hai au marehemu, na matunda ni mema aliyopewa. Mama hubaki miongoni mwa majani.

Ukiona mmoja wao anakataa chakula kwa siku kadhaa, ameacha kabisa kucheza, anajiumiza, au anasema anataka kumfuata mama, usingoje: nenda kwa afisa ustawi wa jamii au piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haina malipo.

Siku mtakapochora ule mti, chukua karatasi nawe uchore wako, uandike jina la mdogo wako kwenye jani. Machozi yakikutoka mbele ya kijana, usikimbilie chumbani. Huenda anangoja kuona kama nyumbani kwako kulia kunaruhusiwa.