Umeme wa kokoto unapimwa wa nini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilikuta vijana wa maabara wamesimamisha silinda ya changarawe ya barabara kwenye karai la maji, wanaigusisha mita juu yake. Wakaniambia wanapima umeme. Jiwe tangu lini likapitisha umeme? Wanatafuta nini hasa?

JIBU: Marahaba. Wanatafuta maji. Mita hiyo inasoma thamani ya daielektriki, yaani kitu kinavyoweza kuhifadhi nishati ya umeme kikilinganishwa na hewa. Hewa ni 1, jiwe kavu mara nyingi ni kati ya 4 na 9, maji ni karibu 80. Unyevu ukiingia kidogo tu, namba inakimbia.

Jaribio hilo lilitokana na kazi ya wahandisi wa Ufini na Texas miaka ya 1990. Changarawe inashindiliwa kwenye mrija wa plastiki, inakaushwa kwenye joko, kisha inasimamishwa kwenye maji ya kina cha sentimita chache kwa siku 10. Namba inayosomwa juu ya silinda ikibaki chini ya 10, tabaka la barabara litahimili. Kati ya 10 na 16, nakuwa na wasiwasi. Ikipita 16, mimi siipitishi, hata mwenye machimbo akinuna. Kokoto zenyewe hazina kosa. Kinachopandisha maji ni vumbi laini lililojificha katikati yake, hasa lenye mfinyanzi. Kwa macho huwezi kulijua.

Ila mita nayo ina ujanja wake. Kichwa chake kikikalia kokoto iliyochomoza, hewa inabaki chini na namba inashuka kwa uongo. Ndiyo maana nagusisha sehemu kadhaa, natupa usomaji wa juu kabisa na wa chini kabisa, halafu natafuta wastani.

Namba hiyohiyo ndiyo inayohitajika kwenye rada ya kupima unene wa tabaka. Tuseme mawimbi yameshuka na kurudi kwa nanosekunde 4. Thamani ikiwa 9, yanakwenda sentimita 10 kwa nanosekunde, kwa hiyo unene ni sentimita 20. Ukikadiria 6 kwa kubahatisha, utaandika 24.5, na mkandarasi atalipwa sentimita ambazo hakuzimwaga. Kwa hiyo kata kwanza kiini kimoja cha barabara, yaani kipande kinachotobolewa toka juu hadi chini ya tabaka, kipime kwa rula, urekebishe rada kwa hicho.