Kombo si Kobo: maswali ya wanaonakili madaftari ya wazee

Tangu niombe watu wa kujitolea kunakili madaftari ya ndoa, hati za mashamba na makaratasi ya mirathi, ili kila ukoo uweze kujitafuta kwa jina, maswali hayakatiki. Nimeokota matano. Waliouliza kama kuna malipo: hakuna. Chai ipo.

*Maalim, mie khati za Kiarabu sikuzisomea. Chuoni niliishia juzuu amma. Nitafaa kweli?* – Msomaji, Chake Chake

Aliyefika juzuu amma herufi anazo, mwanangu. Kilichobaki ni kuuzoea mkono wa karani. Msahafu una irabu zake zote, lakini karani wa kale akiwa na haraka hata nukta hakuweka. Wiki ya kwanza utachoka, ya pili utaanza kumjua kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake. Na baadhi ya madaftari ya wakati wa ulinzi wa Waingereza, ulioanza 1890, yameandikwa kwa herufi za Kirumi, kwa hiyo kazi ya kuanzia haitakosekana.

*Jina la babu ni Khamis ukurasa huu, Hamisi ukurasa ule, na kwenye hati ya shamba ni Khamisi. Niyasahihishe yote yawe Khamis?* – Msomaji, Wete

Usisahihishe hata moja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi, tena kwa nia njema. Ukilisahihisha jina umeandika unachokijua wewe, na atakayekuja kesho hatajua tena karatasi ilisema nini. Kwa kila jina jedwali letu lina nafasi mbili: ya kwanza unaandika kama ilivyo, na makosa yake, ya pili unaandika jina kama linavyotajwa leo, na hiyo ndiyo itakayotafutwa.

Kwa khati za Kiarabu shida huzidi, kwa sababu Kiarabu hakina sauti zetu zote. Waandishi wengi wa zamani walitumia *be* kwa b, kwa p, na hata kwa mb. *Wau* inabeba o na u. Chukua jina ambalo Pemba nzima wanalo, Kombo. Utalikuta ni kafu, wau, be, wau. Kijana wetu mmoja, hodari kabisa, alilisoma "Kobo" mara kumi na moja katika daftari moja, na nafasi ya pili akaandika Kobo vilevile. Kina Kombo kumi na moja wakapotea kwa siku moja! Nafasi ya kwanza hakukosea. Nafasi ya pili ndiyo ilihitaji mtu aliyekulia hapa. Hii ndiyo sababu tunawataka nyinyi, si mgeni mwenye shahada ya Kiarabu. Yeye akiona "al-Jazira al-Khadhra" atatafsiri Kisiwa cha Kijani aendelee na safari. Wewe unajua hapo ni Pemba.

Na mie nisijifanye mwema. Niliwahi kusoma "bin" palipokuwa na "bint", kwa kuwa *te* ya mwisho ilikuwa imeliwa na mchwa. Mwanamke mwenye mikarafuu yake akawa mwanamume kwenye orodha yangu miezi minane, mpaka mjukuu wake alipokuja kumuulizia.

*Tarehe ni za Hijria. Niweke mwaka wa miladi moja kwa moja?* – Msomaji, Makunduchi

Weka ya Hijria kwanza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo kwa kawaida unapanda miaka miwili ya miladi. Mwaka 1315, kwa mfano, ulianza mwanzoni mwa Juni 1897 ukaisha Mei 1898. Kama hati haina mwezi, andika 1897/98, usichague. Na ukiona "usiku wa Ijumaa", kumbuka siku yetu inaanza magharibi: harusi hiyo ilikuwa Alhamisi jioni.

*Nimemkuta mama yake bibi yangu ameandikwa "mtumwa wa" fulani. Shangazi amenambia nipite kimya, nisiuingize ukurasa huo. Nifanyeje?* – Msomaji, Ng'ambo, Unguja

Swali lako limenikalia siku tatu. Shangazi simlaumu. Watu wazima wa mji huu wamekula kiapo cha kimya juu ya jambo hili kwa sababu walijua neno hilo lilivyotumika kwenye posa na kwenye ugomvi.

Lakini ukurasa uingie, na neno libaki kama lilivyo. Amri ya Aprili 1897 iliondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini haikumwachia mtu huru akiwa amekaa: ilimbidi aende mwenyewe kudai uhuru wake kwa wakuu wa serikali, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Kwa hiyo baadhi ya walioandikwa kwenye makaratasi ya wakati huo waliandikwa kwa sababu walisimama mbele ya mtu wakadai. Ukimfuta, unafuta pengine siku pekee ambayo jina lake lilitiwa wino.

Liko na jambo la kazi. Mtumwa katika hati aghalabu hana "binti": ni jina lake, kisha jina la bwana. Jina la bwana usilitie kwenye nafasi ya baba. Lina nafasi yake. Ukikosea hapo, shajara ya ukoo wenu itampa bibi baba asiyekuwa wake, na watoto watairithi nasaba hiyo kwa raha zote.

Kuwaambia au kutowaambia jamaa ni juu yenu nyumbani. Sisi tunachokizuia ni habari za walio hai: talaka ya mwaka juzi haitoki kabatini.

*Mbona ukurasa nilioumaliza mmempa na mtu mwingine? Hamniamini?* – Msomaji, Mkoani

Hatumwamini mtu, hata mie. FamilySearch, shirika la Marekani la kutafuta nasaba, waliowatumia maelfu ya watu kwa kazi kama hii, walikuwa na mtindo wa kuwapa wawili ukurasa mmoja, na wa tatu kuamua palipogongana. Mlipopatana nyote wawili, tunalala.

Na wale waliouliza kuhusu misahafu ya nyumbani, ambayo wazee waliandika vizazi na vifo kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho: piga picha kwa simu karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya kamera, na uchukue jalada pia. Usifunue kwa kidole kilichotiwa mate. Karatasi zilizogandana ziache hivyohivyo. Kisha mfungulie bibi ukurasa ule, umwombe akusomee kwa sauti huku simu inarekodi. Palipoandikwa jina moja, yeye atakutajia matatu, na atakwambia nani kati yao alizikwa wapi.