Mofini ya maji: mpeni mgonjwa kwa saa, si kwa kilio

SWALI: Asalamu alaikum. Mama ana saratani ya titi iliyoingia mifupani. Kapewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, nasi tunampa akizidiwa tu, tukichelea asije akawa kama wavuta unga. Akinywa hulala sana, na leo ni siku ya tano hajapata choo. Tuache? — Msomaji, Wete

JIBU: Waalaikumu salamu. Msiache ghafla. Badilisheni namna ya kumpa.

Mofini hushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazonaswa na dawa, vilivyomo kwenye uti wa mgongo na ubongo, na neva zikapunguza kupeleka habari ya maumivu. Uvimbe uko palepale, na nguvu ya dawa hudumu kama saa 4 tu. Mkingoja mpaka alie, maumivu yameshapanda na dozi ileile haifui dafu.

Kwa hiyo mpeni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Hii ya mwisho madaktari wengi huizidisha mara mbili ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku, lakini muulizeni daktari wenu kwanza. Someni chupa: nyingi zina miligramu 5 katika mililita 5, ila ziko zilizo kali zaidi. Pimeni kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Kuhusu choo, vipokezi hivyohivyo vimo utumboni. Utumbo husukuma polepole, maji yakanyonywa, choo kikawa kigumu. Usingizi na kichefuchefu kwa kawaida hupungua baada ya siku chache; utumbo hauzoei. Ndiyo maana mofini hutolewa pamoja na dawa ya choo tangu siku ya kwanza, mathalan bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku. Papai husaidia, lakini peke yake halitoshi. Siku tano ni nyingi: mpelekeni hospitali leo. Kama tumbo limevimba na anatapika, msimpe bisakodili kabla hajapimwa.

Mwili utaizoea dawa, na ndiyo sababu hupunguzwa kidogo kidogo. Huo si uteja. Mteja husukumwa na uchu hata unga ukimdhuru. Mama anataka kulala bila maumivu, na ni haki yake.

Akilala lakini mkimwita anaitika, hapana hofu. Asipoamka, au pumzi zikawa chini ya 8 kwa dakika na mboni zimekuwa ndogo sana, msimpe tena. Mkimbizeni hospitali, ipo sindano ya naloksoni ya kuizima mofini. Msichanganye mofini na dawa za usingizi. Akianza kukojoa kidogo mno, mwambieni daktari siku hiyohiyo: mabaki ya mofini hutolewa na figo, na zikilegea hujikusanya mwilini hata kwa dozi iliyokuwa ikimfaa.