Barua kwa mwanangu: kwa nini sirudi kisuni

Mwanangu,

Ile siku ya kuruhusiwa hospitalini uliniuliza, "Mama, kama ni makovu tu yaliyoubana utumbo, si wayakate tu, yaishe?" Nikajifanya nina usingizi. Sikuwa nao. Sikutaka kulijibu hilo nikiwa bado nanuka dawa.

Ulikuwa mdogo nilipopasuliwa kidole tumbo, kikiwa kimeshapasukia ndani. Kovu la nje unalijua, ulikuwa ukilipitishia kidole ukiliita reli. La ndani ndilo korofi. Utumbo mwembamba una urefu wa kama mita 6, umejikunja humo, na unatakiwa uteleze wenyewe kwa wenyewe. Kovu likiota hapo hushikanisha utumbo na utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo. Wengi waliowahi kufunguliwa tumbo wanayo makovu hayo na wala hawajui. Mimi yangu yamevuta kipande kimoja kikajipinda, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Haukuziba moja kwa moja: maji na hewa hupenya, chakula kizito ndicho kinachokwama.

Sasa, kuyakata. Kisu kitakachoyakata ndicho kilichoyaleta. Kila tumbo linapofunguliwa, makovu mapya yanaweza kuota, na katika kuachanisha utumbo ulioshikana ni rahisi kuutoboa. Hata wakiingia na kamera kwa matundu madogo, hatari hupungua tu, haiishi. Ndiyo maana daktari akaanza na kuupumzisha: nisile, nisinywe, dripu mkononi na mrija puani.

Mrija ule, mwanangu, siupendi hata kuuota. Nesi anasukuma, anakuambia "meza, meza," koo linagoma, machozi yanakutoka bila kulia. Kisha maji ya kijani kilichoiva yakaanza kushuka kwenye mfuko, nikahisi tumbo linalegea kama mshipi uliofunguliwa. Baadaye wakapitisha humo dawa inayoonekana kwenye eksirei. Ikifika utumbo mpana ndani ya saa 24, mara nyingi mtu huponea bila kisu. Yangu ilifika. Saa kumi alfajiri nikatoa upepo, nesi akashangilia kuliko mimi.

Lakini sijaapa kutopasuliwa. Utumbo ukijinyonga, damu ikakosa kupita, hapo hakuna kusubiri. Kwa hiyo shika haya: maumivu yakiacha kuja na kuondoka yakawa ya moja kwa moja, tumbo likawa gumu, homa, moyo kwenda mbio, au natapika na sipati choo wala upepo, nipeleke usiku huohuo. Wakisema kisu, nitasaini. Nikishindwa, saini wewe, na usijilaumu. Na usiniletee haluli, hata aliyekushauri awe mtu mzima kiasi gani. Kusukuma kwa nguvu kitu kilichozibwa mbele ni kutafuta balaa.

Miaka ile kabla hawajaligundua niliambiwa ni gesi, kisha wasiwasi, mara moja hata umri. Makovu yenyewe kwa kawaida hayaonekani kwenye picha, kinachoonekana ni utumbo uliovimba nyuma yake, na mimi nilikuwa napigwa picha siku tumbo limetulia. Nilifika mahali nikajishuku mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko tumbo.

Kwako nikija, nipe kidogo mara nyingi. Machungwa namenya hadi ule utando mweupe, karanga na mahindi napita mbali, na siku tumbo linaponguruma naishia supu iliyochujwa. Nitatafuna hadi mchoke kunisubiri. Nikisukuma sahani, usiseme "mama, jitahidi basi." Mimi ndiye niliyekuwa nakulazimisha kumaliza, najua ulikojifunzia.

Kwenye pochi yangu, mfuko wa zipu, kuna karatasi yenye tarehe ya upasuaji, tarehe za kulazwa na dawa ninazotumia. Ipige picha uiweke kwenye simu yako, maana siku ile nilikuwa natapika na daktari ananiuliza mwaka, nikamtajia mwaka uliozaliwa wewe.

Mama yako